Mwenye Shaka Atoke Nje

NGARI: Haloo? Haloo, ni nani mwenzangu? Hii namba siijui.

NAKHUNGU: Ni mimi, Ticha.

NGARI: Mimi nani? Paza sauti kidogo, kinu cha jirani kinasaga mahindi hapa, kelele tupu.

NAKHUNGU: Mama Viola. Natumia simu ya shemeji, Sifuna. Yangu ilizima siku ile ya mazishi, sijaiweka chaji.

NGARI: Mama Viola! Aki pole. Bwana asifiwe.

NAKHUNGU: Amina.

NGARI: Habari ya huko Ndalu? Mnaendeleaje hapo nyumbani?

NAKHUNGU: Tuko tu.

NGARI: Na Baba Viola?

NAKHUNGU: Alirudi Kitale juzi, kazini. Hamjaonana?

NGARI: Bado. Hapa dukani wiki hii ni watu wa mbolea, hata kukaa sijakaa. Nitapitia kwake kesho baada ya ibada.

NAKHUNGU: Mpitie. Sidhani anapika.

NGARI: Na wewe unakula?

NAKHUNGU: Wakiniwekea, nakula. Leo nimeshinda nikiosha sufuria za watu, zile tuliazima za mazishi. Zote zimepata wenyewe, imebaki moja kubwa. Nimeuliza boma zote hapa, hakuna mtu anasema ni yake.

NGARI: Pole, mama. Pole sana. Lakini watu wanasema umejikaza. Pasta alisema Jumapili, ule moyo wa Mama Viola ni wa kuigwa.

NAKHUNGU: Sijajikaza, Ticha. Sijalia tu. Ni kama mkono umeulalia usiku kucha, unaamka unaugusa hauusikii. Wanasema moyo mkuu. Mimi sijui.

NGARI: Bwana atakutia nguvu. Watoto wa klasi yetu ya Sande skuli wanawataja kwa maombi kila Jumapili. Wanauliza Viola atarudi lini, na kile kiti cha ndugu yake, Tonny—

NAKHUNGU: Ticha.

NGARI: Naam.

NAKHUNGU: Si hiyo nimepigia. Nimepiga juu ya Viola.

NGARI: Ni mgonjwa?

NAKHUNGU: Si mgonjwa. Anatoka nje.

NGARI: Anatoka nje aje?

NAKHUNGU: Tukianza kuomba, anatoka. Tukiombea chakula, anaacha sahani anatoka. Maombi ya jioni, anatoka. Jumapili tulienda kanisa ya hapa, mzee wa kanisa akasema tusimame tuombe, huyo akapita katikati ya watu akaenda kusimama huko karibu na choo. Na mvua inanyesha. Tulipomaliza alikuwa amelowa chapachapa.

NGARI: Ni uchungu huo, Mama Viola. Mtoto wa miaka tisa hajui aupeleke wapi. Watoto wako na njia yao ya—

NAKHUNGU: Hata mimi nilisema hivyo. Lakini nyanya yake, Kukhu, hasemi hivyo. Mama mkwe anasema hawa wawili walikuwa wanalala blanketi moja, sasa yule ameenda anamvuta mwenzake. Ati ndiyo sababu hawezi kukaa mahali jina la Mungu linatajwa. Wamemwita mzee fulani wa kufukuza mizimu kutoka upande wa Kimilili aje amwangalie. Anakuja Jumatatu.

NGARI: Ati mzee? Hapana! Mama Viola, hapana. Si huyo mtoto ameokoka? Huyo mtoto anajua mistari kuliko—

NAKHUNGU: Najua anajua mistari.

NGARI: Si ungewakataza?

NAKHUNGU: Nilikataa mara moja. Kukataa mara ya pili inataka nguvu, na sina.

NGARI: Bwanako Walubengo anajua?

NAKHUNGU: Walubengo akiulizwa kitu siku hizi anasema "sawa". Ukimwambia nyumba inaungua atasema sawa.

NGARI: Ngai, Mungu wangu...

NAKHUNGU: Sasa leo nikamkalisha. Nikamwuliza, Viola, mbona unatoka? Nikauliza tena. Akaniambia, "Uliza Ticha Ngari."

NGARI: Mimi?

NAKHUNGU: Wewe. Nikasema, nimuulize nini? Akasema, "Muulize tu. Yeye anajua." Ndiyo nimepiga.

(Mtandao unakwaruza.)

NAKHUNGU: Ticha? Uko?

NGARI: Niko. Ni mtandao. Sasa... mimi sijui anasema nini. Labda ni kitu aliona pale mazishini?

NAKHUNGU: Pale mazishini pia alitoka. Wewe ndiye ulikuwa unaomba, na yeye akaenda kusimama huko kwa migomba peke yake. Watu wote walimwona. Wewe hukumwona?

NGARI: Nilikuwa nimefunga macho.

NAKHUNGU: Sawa. Nataka uniambie kitu moja. Ile Jumapili Tonny akiwa wodi, mimi sikuja kanisa, nilikuwa nimekaa na yeye. Viola nilimtuma na watoto wa jirani aje klasi yako. Siku hiyo uliwafundisha nini?

NGARI: Siku hiyo... ilikuwa binti Yairo.

NAKHUNGU: Yule alikufa, Yesu akamwamsha.

NGARI: Huyo. Nilichagua hiyo kwa sababu yenu, Mama Viola. Kutia watoto moyo. Nilitayarisha tangu Ijumaa nikisikia mmelazwa. Unajua tulienda ile semina ya walimu wa Sande skuli, kule Kachibora? Tulifundishwa ya kwamba mtoto hashiki neno kwa masikio. Anashika kwa mwili. Usimwambie Petro alitembea juu ya maji, mvue viatu, mtembeze. Basi ndivyo mimi—

NAKHUNGU: Mkaigiza.

NGARI: Ee, tukaigiza. Ile chumba ya nyuma ya kuweka viti tukaifanya nyumba ya Yairo. Tukatandika mkeka. Pale juu ya mkeka tukaweka sweta ya Tonny.

NAKHUNGU: Sweta gani?

NGARI: Ile nyekundu. Aliiacha kanisani Jumapili iliyotangulia.

NAKHUNGU: Nimeitafuta hiyo sweta.

NGARI: Iko hapa. Niliikunja nikaiweka—

NAKHUNGU: Tulimzika na ya Viola. Endelea.

NGARI: Mama Viola, labda niongee na wewe tukiwa tumekaa, si kwa simu—

NAKHUNGU: Endelea, Ticha. Kredi ya simu ni ya mtu.

NGARI: Sasa, kwa ile hadithi... unakumbuka Yesu akifika pale nyumbani watu walimcheka. Yeye akawatoa nje wote. Wale wa kucheka hawakubaki ndani. Ni Biblia hiyo, si mimi. Basi nikawaambia watoto, "Leo tunamwombea Tonny, na maombi ni kama maziwa, tone moja la ndimu linayaharibu yote. Kama kuna mtu hapa anafikiri Tonny hatapona, asione haya. Mwenye shaka atoke nje."

NAKHUNGU: Uliwaambia hivyo.

NGARI: Ili imani ya wengine isizuiwe. Ndivyo tulivyofundishwa.

NAKHUNGU: Wakatoka?

NGARI: Wachache. Mtoto wa Chepkemei alitoka. Na kijana yangu.

NAKHUNGU: Kibe?

NGARI: Kibe. Mtoto wa mwalimu! Niliaibika, nikamwambia akakae huko kwa tangi ya maji mpaka tumalize. Wenzake walikuwa wanamwita Tomaso siku zile za kwanza.

NAKHUNGU: Na Viola?

NGARI: Viola hakutoka. Aa, Viola alibaki. Aliomba vizuri sana hiyo siku. Hata nilimsifu mbele ya wenzake.

NAKHUNGU: Ulimsifu.

NGARI: Nilisema, mwangalieni dada ya Tonny, hiyo ndiyo imani.

NAKHUNGU: Na Jumatatu Tonny akafa.

NGARI: Jumatatu.

NAKHUNGU: Sasa mbona anatoka saa hii, kama siku ile alibaki?

NGARI: Mama Viola...

NAKHUNGU: Nauliza tu. Nisaidie. Kichwa yangu haifiki mbali siku hizi.

NGARI: Nafikiri... (mtandao unakwaruza) ...siku ile.

NAKHUNGU: Umepotea. Sema tena.

NGARI: Nafikiri anatoka saa hii kwa sababu siku ile alibaki.

(Jogoo anawika mbali. Mtu anaita "Mama Viola!" na hajibiwi.)

NAKHUNGU: Alikuwa na shaka.

NGARI: Labda. Sijui. Labda ni—

NAKHUNGU: Alikuwa nayo. Jumamosi nilimpeleka wodi amwone ndugu yake. Tonny alikuwa macho wazi lakini haoni, malaria ilikuwa imepanda kichwani. Viola akampungia mkono. Akaniuliza, "Mama, Tonny anatuona?" Nikamwambia anatuona. Akaniangalia mimi, akamwangalia tena Tonny. Alijua nadanganya. Na kesho yake wewe ukamwambia mwenye shaka atoke.

NGARI: Uii.

NAKHUNGU: Wewe hukuwa umemwona Tonny. Yeye alikuwa amemwona.

NGARI: Mama Viola, nimekukosea. Nimekosea hiyo nyumba yako, sijui hata niseme—

NAKHUNGU: Usianze hiyo.

NGARI: Haki ya Mungu sikujua—

NAKHUNGU: Sina hasira, Ticha. Nimeitafuta sasa hivi ukiongea, sijaipata. Ningekuwa nayo ningekuambia. Nataka tu mtoto aingie ndani.

NGARI: Yuko wapi?

NAKHUNGU: Ameketi hapo kwa gogo la kupasulia kuni. Maombi ya jioni iko karibu, sasa yeye ametoka mapema.

NGARI: Mpatie simu.

NAKHUNGU: Utamwambia nini?

NGARI: Nitamwambia Mungu ana mpango wake, na kazi yake haina mako—

NAKHUNGU: Hiyo nimeambiwa na kila mtu amekula githeri ya matanga hapa.

NGARI: Basi nimwambie si yeye. Ya kwamba imani yake ilikuwa kubwa, Mungu aliiona—

NAKHUNGU: Hapana! Usimwambie alikuwa na imani. Anajua alichokuwa nacho. Ukimdanganya wewe, na mimi nilishamdanganya, basi hakuna mtu mzima atamfikia tena. Itabaki huyo mzee wa Jumatatu.

NGARI: Sasa nimwambie nini?

NAKHUNGU: Mwalimu ni wewe. Viola! Kuja. Kuja uongee na Ticha. Hapana, si maombi, ni kuongea tu. Shika.

(Pumzi karibu na simu.)

NGARI: Viola? Haloo, Viola, ni Ticha Ngari. Sasa?

VIOLA: Poa.

NGARI: Unaendeleaje, mama?

VIOLA: Poa.

NGARI: Mama ameniambia ile kitu. Ya kutoka nje.

VIOLA: Mm.

NGARI: Viola, nisikilize. Nilikuwa nataka... Kuna hadithi ingine sikuwafundisha. Kuna baba mmoja alimleta kijana wake kwa Yesu, anaumwa sana. Yesu akamwuliza kama anaamini. Yule baba akalia, akasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Unaona? Alikuwa na imani, na shaka pia iko. Zote mbili ndani ya mtu mmoja.

VIOLA: Yesu alimtoa nje?

NGARI: Hapana! Hakumtoa. Hapo ndipo nataka uone. Hakumtoa.

VIOLA: Na mtoto wake alipona?

NGARI: Mtoto wake...

VIOLA: Alipona, Ticha?

NGARI: Alipona.

VIOLA: Haya.

NGARI: Viola, ngoja, hiyo si maana ya kwamba—

VIOLA: Mimi nilikuwa najua hatapona. Nilijua kabisa. Ukasema mtu asione haya na mimi nikaona haya. Nilifikiri nikitoka mtasema simpendi.

NGARI: Hakuna mtu angesema hivyo.

VIOLA: Kibe alisemwa.

(Kinu kinasikika upande wa Kitale.)

VIOLA: Ticha.

NGARI: Naam.

VIOLA: Wewe ulikuwa na shaka?

NGARI: Mimi?

VIOLA: Ile siku. Ukiwa umesimama hapo mlangoni.

(Mtandao unakwaruza.)

VIOLA: Haloo?

NGARI: Niko. Nilikuwa nayo.

VIOLA: Kidogo ama mingi?

NGARI: Mingi. Jumamosi jioni babako alipitia hapa dukani. Nilimwona uso wake. Nikajua.

VIOLA: Na hukutoka.

NGARI: Sikutoka.

VIOLA: Mbona?

NGARI: Mimi ndiye nilikuwa nimeshika mlango, Viola. Mwenye kushika mlango hakuna mtu anamwuliza.

VIOLA: Kwa hivyo ni sisi wawili.

NGARI: Wawili nini?

VIOLA: Wenye tulifanya Tonny akufe.

NGARI: Hapana. Hapana, Viola, sikia, sikia hapa. Si wewe. Si mimi pia. Tonny aliuawa na malaria. Dawa walimpatia, madaktari walijaribu, mama yako hakulala. Na sisi tuliomba, wenye imani na wenye shaka, na akakufa. Mungu hahesabu watu kwa mlango. Hiyo kitu ya kutoka nje niliitoa kwa kichwa yangu, nikaiweka kwa mdomo wa Yesu. Nilifundisha uongo.

VIOLA: Ulisema ni Biblia.

NGARI: Yesu aliwatoa watu walikuwa wanacheka. Wewe ulikuwa unacheka?

VIOLA: Hapana.

NGARI: Ulikuwa unafanya nini?

VIOLA: Nilikuwa naangalia sweta.

NGARI: Basi Yesu hangekutoa.

VIOLA: Unajua aje?

NGARI: Sijui yote, Viola. Hiyo najua.

VIOLA: Kesho utawaambia wengine?

NGARI: Wengine wa klasi?

VIOLA: Ya kwamba ulikuwa nayo. Na ukabaki.

NGARI: Viola, wale ni watoto wadogo, na kuna wazazi, na pasta naye... (anapumua) Nitawaambia.

VIOLA: Na Kibe?

NGARI: Kibe nitamwambia leo, kabla alale.

VIOLA: Haya. Mama anataka simu.

(Mkwaruzo. Sauti za chini chini.)

NAKHUNGU: Ticha. Umemwambia nini?

NGARI: Kwani anafanya nini?

NAKHUNGU: Analia. Ameshika sketi yangu analia. Hakulia pale kaburini, hakulia wakitunyoa nywele baada ya mazishi. Umemwambia nini?

NGARI: Nimemwambia nilikuwa na shaka.

NAKHUNGU: Wewe?

NGARI: Ee.

NAKHUNGU: Aa.

NGARI: Nisamehe, Mama Viola. Mtafute mwalimu mwingine, nitaelewa. Kesho naenda kuwaambia, halafu kama pasta atasema niachie wengine, mimi—

NAKHUNGU: Atakayewekwa pale atakuwa amehudhuria semina hiyo hiyo. Kaa na watoto wako.

NGARI: Sijui kama nafaa.

NAKHUNGU: Mimi pia sijui. Lakini kesho ni Jumapili, na watakuja. (Sauti za watu zinaanza kuimba ndani, polepole.) Wameanza kuimba huko ndani. Wananiita.

NGARI: Nendeni basi. Labda leo ataingia na wewe.

NAKHUNGU: Haingii. Anatikisa kichwa.

NGARI: Usimlazimishe.

NAKHUNGU: Simlazimishi. Na mimi siendi. Nitabaki naye hapa kwa kuni.

NGARI: Watu hawatauliza?

NAKHUNGU: Wacha waulize. Nitamwambia Kukhu huyo mzee asipoteze nauli yake, hakuna kitu ya kuangaliwa hapa. Nguvu ya kusema hiyo sasa iko. Ticha, nikuambie?

NGARI: Niambie.

NAKHUNGU: Mimi nilijua tangu Ijumaa. Tukiingia na yeye pale getini, nimembeba, nikajua huyu sitarudi naye. Na pasta akaja wodi akaomba, na akina mama wakaja wakaomba, wote wakashika kitanda, na mimi nikasema amina, amina. Hakuna mtu aliniambia nitoke.

NGARI: Mama Viola...

NAKHUNGU: Hakuna mtu aliniuliza.

(Simu inalia tii, tii.)

NAKHUNGU: Hiyo ni kredi ya Sifuna. Inaisha. Msalimie Mama Kibe.

NGARI: Ngoja, niwaombee hata kidogo, hata dakika moja, kabla ikatike—

NAKHUNGU: Hapana, wewe nyamaza tu, Ticha. Sikiliza ukiweza. Wacha leo tuombe sisi wenyewe. Viola, keti hapa karibu. Ee, hapa nje, hatuendi mahali. Sema chochote. Sema ile unaijua.

VIOLA: Mama, hata kama sina imani—

NAKHUNGU: Hata kama. Mimi pia sina. Anza tu, na—

NGARI: Nasikiliza. Mama Viola? Haloo? Haloo?